Kuvuja kwa Mpira wa Gesi ya Kiyoyozi cha Gari: Sababu, Uchunguzi na Matengenezo

Si jambo geni kuona gari likijazwa gesi ya kiyoyozi leo, na baada ya mwezi mmoja likarejeshwa karakana kwa tatizo lile lile. Fundi hujaza tena, malipo hufanywa tena, na joto hurudi tena. Mwenendo huu ni hasara kwa mwenye gari. Na pale ambapo gari ni la Serikali, hasara hiyo hubebwa na wananchi wote.

Inafaa ifahamike kwanza kwamba gesi ya kiyoyozi si kama petroli. Haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza ikawa maji, kisha hupitia vali nyembamba na kugeuka tena kuwa gesi baridi ndani ya gari. Kwa hiyo, gesi inapopungua sana kwa muda mfupi, upo mahali inapovujia. Pamoja na gesi huzunguka mafuta yanayolainisha kompresa. Gesi na mafuta yakipungua, kompresa hukosa ulainisho na hatimaye hukwama. Hapo tengenezo la mpira mmoja hugeuka kuwa ununuzi wa kompresa nzima.

SABABU ZA KUVUJA

Mipira ya gesi hufungwa baina ya injini inayotikisika na bodi isiyotikisika, hivyo huchoka hasa kwenye maungio yaliyobanwa kwa chuma. Joto la injini hukausha raba. Paipu za alumini huliwa na chumvi ya hewa ya baharini, jambo linalohusu zaidi magari ya visiwani. Nyingine hutobolewa kwa kusuguana na bodi baada ya vishikio vyake kukatika katika barabara mbovu.

UCHUNGUZI

Alama ya kwanza ni doa la mafuta lililogandamana na vumbi kwenye ungio au kwenye mpira. Povu la sabuni huonyesha tundu kubwa. Tundu dogo huhitaji kifaa cha kunusa gesi, au rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya miali ya urujuani. Ikiwa mfumo ni mtupu, hupimwa kwa naitrojeni kavu kupitia kidhibiti cha mgandamizo. Haifai kabisa kutumia oksijeni, kwani ikikutana na mafuta huweza kuripuka.

KUTENGENEZA AU KUBADILISHA

Mpira uliopasuka au kuvuja kwenye ungio hubadilishwa wote, au hukatwa na kubanwa upya kwa mashine kwa kutumia mpira maalumu wa kiyoyozi wenye tabaka la ndani la kuzuia gesi. Mpira wa petroli uliofungwa kwa klipu haufai, kwani upande wa mgandamizo mkubwa huweza kufikia zaidi ya mara 15 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Paipu ya alumini yenye tundu moja huweza kuchomelewa na fundi mwenye ujuzi, baada ya kufunguliwa na kusafishwa. Iliyoliwa na kutu mahali pengi ibadilishwe. Gundi ni kupoteza wakati.

Kazi hufuata mpango huu:

1. Gesi iliyobaki huvutwa kwa mashine na kuhifadhiwa katika mtungi, haiachiliwi hewani.
2. Mpira mbovu hufunguliwa kwa spana mbili ili paipu isipindwe, na midomo yote huzibwa mara moja, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa.
3. Oringi huwekwa mpya na kupakwa mafuta ya aina inayotumika katika kompresa hiyo. Mafuta yaliyopotea hurejeshwa kwa kipimo cha mtengenezaji.
4. Kikaushio hubadilishwa ikiwa mfumo ulikaa wazi.
5. Hewa na unyevu hutolewa kwa pampu ya kuvuta kwa muda usiopungua dakika 30, kisha pampu huzimwa na geji kuangaliwa. Sindano ikirudi, mfumo bado unavuja au una unyevu.
6. Gesi hujazwa kwa kupimwa uzito, kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, si kwa kukisia.

TAHADHARI

Gesi ya R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo huweza kugandisha ngozi na kudhuru macho. Miwani na glavu ni lazima. Ni nzito kuliko hewa, na katika karakana iliyofungwa huweza kumkosesha mtu pumzi. Ikipitishwa motoni hutoa moshi wa sumu. Magari mapya hutumia R-1234yf, ambayo huweza kuwaka. Aina hizi mbili zisichanganywe. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe katika gari: ikivujia ndani, cheche moja hutosha kuleta maafa.

Ipo pia amana ya mazingira. Tanzania ilijiunga mwaka 1993 na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyoondoa gesi ya zamani ya R-12 iliyokuwa ikiharibu tabaka la ozoni. R-134a haiharibu ozoni, lakini hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule katika miaka 100. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanataka matumizi ya gesi za namna hiyo yapunguzwe hatua kwa hatua.

WAJIBU

Madereva watoe taarifa mapema ubaridi unapopungua. Wasimamizi wa usafiri wasiidhinishe kujaza gesi mara ya pili kabla ya kupata maelezo ya maandishi ya mahali palipovuja na tengenezo lililofanywa. Wananchi nao wadai hivyo hivyo kwa mafundi wao. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.