Jina la Tovuti ni Mali ya Kikundi

Kikundi cha wajasiriamali kinachokusudia kufungua tovuti huanza kwa kuchagua jina la kikoa, yaani anwani ambayo mteja ataiandika ili kukifikia. Jina zuri ni fupi, na anayelisikia mara moja kwa simu huweza kuliandika bila kukosea. Vistari na tarakimu huruhusiwa, lakini humchanganya msikilizaji.

Mwisho wa jina humtambulisha mwenyewe: .co.tz ni ya biashara, .or.tz ni ya asasi zisizo za kibiashara, .sc.tz ni ya shule, na .go.tz ni ya Serikali.

Jambo la kuzingatia zaidi ni umiliki. Jina husajiliwa kwa muda maalumu, kisha hulipiwa upya. Likisajiliwa kwa jina la fundi, kikundi chaweza kulipoteza siku fundi huyo atakapoondoka. Ada isipolipwa, mtu mwingine aweza kulichukua, na wateja waliolizoea wakaangukia mikononi mwake. Kwa hiyo, usajili ufanywe kwa jina na barua pepe ya kikundi, na tarehe ya kulipia iandikwe katika daftari la mweka hazina.