Mwache Atafune
Kijitabu kwa walezi wa watoto wadogo

Mtoto huzaliwa akijua kunyonya. Kutafuna hajui. Hujifunza, kama anavyojifunza kutambaa na kusimama, na hujifunza kwa chakula chenye kitu cha kutafuna. Uji laini hushibisha, lakini kinywani unapita tu.

Mama huja kliniki na mtoto wa mwaka mmoja na nusu akilalamika: "Huyu hali, anataka uji tu." Ukimdadisi, utasikia kila kitu kimekuwa kikisagwa kwa blenda tangu mwanzo: viazi, nyama, hata wali. Mtoto si mkaidi. Taya lake halijawahi kupewa kazi.

Usisubiri meno

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopondwa kuanzia miezi 6, vipande vya kushika mwenyewe kufikia miezi 8, na chakula cha familia kufikia mwaka 1. Bibi atauliza: atatafuna kwa meno gani? Kwa ufizi. Chochote unachoweza kukiponda kati ya vidole viwili, ufizi nao utakiponda. Magego ya kwanza huchomoza baada ya mwaka 1, na meno yote 20 ya utoto hutimia karibu na miaka 3. Ukiyangoja, umechelewa. Watafiti waliofuatilia watoto wa eneo la Bristol, Uingereza, waliona kwamba waliocheleweshewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi 10 walisumbua zaidi kulishwa walipofika miezi 15.

Zoezi la kila siku

Mkalishe wima, akiwa na njaa kidogo, kabla ya uji na si baada yake. Chukua kipande kirefu cha kiazi kitamu kilichoiva au parachichi. Usikiweke kwenye ncha ya ulimi, maana atakimung'unya na kukimeza. Kiweke pembeni, pale magego yatakapoota, ili ulimi ujifunze kusukuma chakula upande na taya lianze kuzunguka. Nawe tafuna mbele yake, taya likicheza aone. Watoto ni waigaji wakubwa.

Vipande vichache mara mbili kwa siku vinatosha. Akizoea, mpe chapati laini, nyama iliyoiva ukaichambua nyuzi, kisha karoti ya kuchemsha. Zima televisheni. Usimsukumizie tonge kwa maji wala soda, kwani hapo unamfundisha kubugia.

Akikohoa au akifanya kama anataka kutapika, tulia, anajilinda. Hatari ni mtoto aliyenyamaza ghafla, hawezi kulia wala kukohoa. Itisha msaada. Wa chini ya mwaka 1 mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega. Chakula kisipotoka, mgeuze umbonyeze kifua mara 5 kwa kitako cha kiganja kimoja, na urudie. Karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisubiri hadi miaka 5. Muwa, kweli, hutafunwa, ila sukari yake huozesha meno hayohayo tunayoyafanyisha mazoezi.

Kuhusu "meno ya nailoni"

Uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga, ambao wengine huuita hivyo, ni chonge ya utoto inayojiandaa kuota. Hausababishi homa wala kuharisha. Wanaoukwangua kwa kisu au spoku ya baiskeli humletea mtoto maambukizi na damu nyingi, na mara nyingine huharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi (ORS), zinki na kituo cha afya.

Mtoto wa miaka 2 anayetema kila chenye bonge, anayepaliwa hata na maji, au anayelimbikiza tonge shavuni, mpeleke akapimwe. Kinywa kitazamwe kwanza. Jino bovu huuma, na mtoto mdogo hajui kusema linauma; utamwona tu anatafunia upande mmoja.