Je, naweza kukosoa kitabu nisichokimaliza?

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi hapa Kisangani. Kurasa za mwanzo za kitabu cha mwandishi Naipaul, A Bend in the River, zimenichukiza, na wenzangu wanasema kinatutukana. Mjadala wetu kuhusu kitabu hicho ni wiki ijayo. Naruhusiwa kukikosoa bila kukimaliza?*
M., Makiso

Ndugu M., hasira yako ina msingi. Riwaya hiyo ya 1979 haiutaji mji, ila wengi wanautambua kuwa Kisangani, na inauma kusoma kwamba mtaa wa zamani wa Wazungu umemezwa na majani. Lakini msimulizi ni Salim, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi kutoka pwani. Hofu yake si lazima iwe kauli ya Naipaul. Tena kuna Ferdinand, mtoto wa Zabeth, mama mchuuzi anayekuja kwa mtumbwi. Mwanzoni ni mwanafunzi tu. Mwishoni ni kamishna, na maneno yake kuhusu nchi ni mazito kuliko ya Salim. Hayo hujayafikia.

Kosoa ulichosoma, ukurasa ukiwa mkononi, na uwaambie wenzako ulipoishia. Muda ukibana, soma sura ya mwisho. Hukumu juu ya mwandishi isubiri. Kiingereza kikikushinda, tafuta tafsiri ya Kifaransa au umwone mwalimu wako wa fasihi kabla ya mjadala.