SOMO LA KIKUNDI: Mkutano Usiopitisha Azimio Una Faida Gani?

Katika somo hili tutavuka mipaka kidogo. Tutaangalia mkutano mkubwa ambao hufanyika kila mwaka, mwezi wa Februari, katika mji wa Munich nchini Ujerumani. Unaitwa Mkutano wa Usalama wa Munich. Marais, mawaziri wa mambo ya nje, wakuu wa majeshi na wataalamu hukutana kwa siku tatu. Huzungumzia vita na amani, uhusiano wa nchi na nchi, na shida za dunia nzima kama njaa, magonjwa na mabadiliko ya hali ya hewa.

Labda mtauliza: mambo ya Munich na sisi wa kikundi cha mbuzi wa maziwa, wapi na wapi? Ni swali zuri. Tuendelee pamoja, halafu kila mmoja ajijibu.

1. Ulianzaje?

Mkutano huu ulianza mwaka 1963. Mwanzilishi wake alikuwa Mjerumani, Ewald-Heinrich von Kleist. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa afisa kijana wa jeshi. Mapema mwaka 1944 alikubali kubeba bomu na kufa pamoja na Hitler ili vita viishe, lakini nafasi haikupatikana. Baba yake naye alimpinga Hitler, akauawa mwaka 1945. Basi huyu mtu alijua vita ni nini. Alitaka watu waongee mapema, kabla ya bunduki kuongea.

Mara ya kwanza walikuja watu kama 60 tu, wengi wao kutoka Ujerumani, Marekani na nchi rafiki. Siku hizi huja mamia, kutoka kila bara, Afrika ikiwemo.

2. Unaendeshwa vipi?

Hapa ndipo penye ajabu. Mkutano huu haupigi kura. Haupitishi azimio. Watu wakimaliza, hakuna karatasi ya kutia sahihi. Sasa basi, wanaenda kufanya nini?

Kazi yake iko mahali pawili. Kwanza ni ukumbini, ambapo viongozi hutoa hotuba na kuulizwa maswali mbele ya watu wote. Pili ni pembeni, katika vyumba vidogo vya hoteli ya Bayerischer Hof. Huko, wakubwa wa serikali zisizoelewana wanaweza kukaa wawili wawili na kusemezana.

Faida ya pembeni tunaijua hata sisi. Majirani wawili wamegombana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hakuna anayetaka kwenda kwa mwenzake, manake ataonekana ameshindwa. Lakini wakikutana kwenye harusi ya mtu mwingine, wanaweza kusalimiana bila aibu. Hakuna aliyemfuata mwenzake. Wote wamekuja harusini. Munich ni kama harusi hiyo.

3. Maneno yanaweza nini, na hayawezi nini?

Tuangalie miaka mitatu.

Mwaka 2007 Rais Vladimir Putin wa Urusi alisimama Munich akailaumu Marekani waziwazi, na pia muungano wa kijeshi wa NATO kwa kupanuka kuelekea Urusi. Wengi ukumbini walishangaa ukali wake. Mwaka uliofuata Urusi ilipigana na Georgia, na mwaka 2014 ikachukua Crimea kutoka Ukraine. Maneno ya mkutanoni huonyesha moyo wa mtu kabla mkono haujafuata. Mwenye masikio husikia.

Mwaka 2011, tarehe 5 Februari, Marekani na Urusi zilibadilishana hati mjini Munich, na mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia ukaanza kazi. Kila upande ulikubali usiweke tayari zaidi ya vichwa 1,550 vya silaha hizo. Lakini angalieni: mkataba wenyewe ulikuwa umetiwa sahihi Prague mwaka 2010, baada ya kazi ndefu ya mapatano. Mkutano ulitoa mahali. Kazi ilifanywa kwingine.

Mwaka 2022, tarehe 19 Februari, Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine alikuja Munich kuomba msaada. Serikali ya Urusi haikutuma mtu. Siku tano baadaye, tarehe 24, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Mazungumzo hayawezi kumshika asiyetaka kuja.

4. Vita vya mbali, bei ya karibu

Kenya hununua ngano nyingi kutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine. Urusi pia ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani. Bei ya mbolea ilikuwa imeanza kupanda mwaka 2021, na vita vikaizidisha. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani, mpaka serikali ikaingilia kati na kuuza ya ruzuku kwa 3,500. Mkulima aliyepanda bila mbolea msimu ule hakujua kwamba mahindi yake yalikuwa na uhusiano na ukumbi wa Munich. Lakini yalikuwa nao.

Na sauti ya Kenya ilisikika. Tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wetu Martin Kimani alisema katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa na wakoloni huko London, Paris na Lisbon. Hata hivyo Waafrika walikubali kuishi nayo kuliko kumwaga damu wakitafuta mipya. Alisema hayo kutokana na yale tuliyoyapitia sisi wenyewe.

5. Asiyekuwepo na lake halipo

Mji huo wa Munich una historia nyingine, ya aibu. Septemba 1938, Ujerumani, Italia, Uingereza na Ufaransa zilikutana hapo, zikakubaliana kumpa Hitler sehemu ya nchi ya Chekoslovakia. Wenye nchi hawakuingizwa chumbani. Wajumbe wao wawili walingoja hotelini, wakaja kuelezwa yaliyokwisha kukatwa. Walioamua walidhani wamenunua amani. Machi 1939 Hitler alichukua sehemu nyingine ya nchi hiyo, na Septemba vita vikuu vikaanza.

Ndiyo sababu Februari 2025, Marekani ilipoanza kuongea moja kwa moja na Urusi, Zelensky alisema papo hapo Munich kwamba mambo ya Ukraine yasikatwe bila Ukraine.

6. Kikundi chetu kijifunze nini?

Kwanza, tutofautishe kikao cha kuongea na kikao cha kukata shauri. Vyote vinafaa. Ubaya ni kuita watu waongee tu, kisha karani aandike ati wamekubali.

Pili, tusidharau kikao kisicho na azimio. Kikiwapa nafasi waliokosana kusemezana, kimefanya kazi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: tusikate neno la mtu akiwa hayupo. Mama aliyeshindwa kulipa mkopo wa kikundi aitwe, asikilizwe, ndipo tuamue. Na mradi wa maji ukijadiliwa kwa chifu, tusingoje kuelezwa. Twende tuketi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mwaka uliopita, ni jambo gani letu lilikatwa sisi hatupo? Tulipoteza nini?
2. Je, kuna mwanachama tuliyemhukumu bila kumsikia? Tufanye nini sasa?
3. Ni watu gani wawili hapa kwetu wanaohitaji mahali pa kukutana bila aibu? Nani anaweza kuwaandalia?

KAZI: Kabla ya kikao kijacho, mwenyekiti na karani waorodheshe mikutano yote ya mtaa inayotuhusu, na kikundi kichague wawili wa kuhudhuria kila mmoja. Wakirudi, watoe ripoti mbele ya wote.