Vijana wanaoishi kwa siri na tatizo la pombe

Ukipita Matisi mjini Kitale au Kanduyi kule Bungoma magharibi yakiingia, msomaji, si vigumu kumpata kijana aliyelewa. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa eneo la Magharibi ndilo lililoongoza nchini kwa unywaji: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakinywa. Wastani wa taifa zima ulikuwa karibu nusu ya kiwango hicho.

Miongoni mwa wanywaji hao wamo vijana tusiopenda kuwataja, yaani wavulana na wasichana wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Tafiti nyingi zilizofanywa Marekani na Ulaya zimeonyesha kwamba vijana wa aina hii huanza kunywa mapema na huumizwa na pombe zaidi ya wenzao.

Je, wameumbwa na kiu kubwa zaidi? La hasha. Mwaka 2003 mtaalamu wa saikolojia Ilan Meyer alieleza kwamba mtu anayedharauliwa hubeba mzigo juu ya shida za kawaida za maisha. Hutukanwa, hukaa akingoja kutukanwa tena, huficha maisha yake, na mwishowe hujichukia mwenyewe. Hebu fikiria kijana wa Bungoma katika mwaka wa tohara, ambapo busaa iko kila boma na kila mtu anataka kujua ataoa lini. Atajibu nini? Glasi mkononi humpa cha kufanya badala ya kujibu. Na akifukuzwa nyumbani, mahali pa kwanza patakapompokea bila maswali ni kilabuni.

Pombe hutuliza kweli, lakini kwa saa chache tu, kwa kuwa hupunguza kasi ya ubongo. Inapokwisha mwilini, wasiwasi hurudi na usingizi huharibika, naye hunywa tena ili apate nafuu. Mlevi pia husahau mpira wa kondomu, na anayetumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi huruka siku.

Unaweza kujipima wewe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 yaitwayo AUDIT, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi sita yalikofanyiwa majaribio. Huulizwa unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku, kama hushindwa kuacha ukishaanza, na kama kuna aliyeumia kwa sababu ya ulevi wako. Alama 8 au zaidi ni dalili ya hatari. Usidanganywe na hesabu ya chupa: bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina gramu zipatazo 17 za kileo, ilhali kipimo kimoja cha AUDIT ni gramu 10.

Onyo moja. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupatwa na kifafa na kufa. Na aende hospitali.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuogopa kwamba daktari ataita polisi. Ni kweli kwamba kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu hutoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Lakini sheria hiyo inahusu kitendo. Kumwambia muuguzi kwamba unakunywa kwa sababu umekataliwa nyumbani si kosa, na kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya matibabu. Kwa maoni yangu, mhudumu anayeanza kuhubiri kabla ya kupima ini la mgonjwa amesahau kazi yake.

Matibabu yapo, tena si lazima yawe ya gharama kubwa. Mjini Eldoret, wagonjwa 614 wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wakinywa walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Waliofunzwa katika vikundi, kikao kimoja kwa wiki kwa majuma sita, namna ya kukwepa vishawishi walipunguza pombe kuliko waliopewa masomo ya afya tu. Waliowafunza hawakuwa madaktari, bali Wakenya wa kawaida waliopewa mafunzo.

Mzazi, mtoto wako akirudi amelewa, mpe maji, mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, na maswali yangoje asubuhi. NACADA ina simu ya bure, nambari 1192.