Imeli yako inapita kwa posta gani?



Sisi wa mwaka wa sita tunatafuta nafasi katika vyuo vikuu, na siku hizi maombi mengi yanapita kwa imeli. Mtu anaandika barua vizuri, anabonyeza «tuma», kisha anaenda shambani akiwaza barua imefika Kinshasa. Kumbe iko tu ndani ya ordinatere, na tarehe ya mwisho inapita. Basi sisi makapita tumeona vema tujifunze pamoja sababu yake.

1. Kazi ni mbili

Kupokea barua na kutuma barua si kazi moja. Kwa kupokea, ordinatere inaenda kwa seva yenye sanduku lako, inaonyesha neno la siri, inapewa barua. Kwa kutuma, inaenda kwa seva ya kutoka, nayo ndiyo inapeleka barua mbali. Kutuma kunafuata kanuni inayoitwa SMTP, ambayo Jon Postel wa Marekani aliiandika Agosti 1982. Kanuni ile ya kwanza haikuomba neno la siri hata kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kupokea barua zote na kushindwa kutuma hata moja.

2. Kwa nini seva inakataa?

Tuchukue mfano wa posta. Kule Bukavu watu na mashirika mengi walitumia sanduku la posta la Cyangugu, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Lakini mtu akitia barua katika posta ya Rwanda na tembre ya Kongo, karani atakataa. Tembre si ya kwao.

Zamani seva nyingi zilipokea barua ya kila mtu. Katika miaka ya 1990 wachuuzi na wadanganyifu wakazitumia kumwaga barua za bure ulimwenguni. Basi makampuni yakafunga mlango: mteja aliye kwa rezo yetu apite, anayetoka kwa rezo ya wengine hapana.

Tuseme mtu ana adresi ya kampuni moja ya Goma. Akiwa Goma anatuma bila shida. Akifika Kabambare anaingia intaneti kwa kadi SIM ya kampuni ingine. Seva ya Goma inamwona mgeni, inamrudisha. Tena makampuni mengi yamefunga mlango namba 25, ule wa zamani, ili wateja wasitumie seva za nje kwa siri.

3. Dawa iko wapi?

Njia ya kwanza ni kuazima seva ya kampuni yenye SIM, kama anayo na inakubali. Njia hii ina hatari. Tangu 2006 kuna kanuni ya SPF: mwenye jina la adresi anatangaza seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Barua ikitoka kwa seva ingine, anayepokea anaweza kuiwaza ya uongo, akaitupa. Tangu Februari 2024 Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au alama ingine ya uhakika iitwayo DKIM.

Njia ya pili ndiyo bora: kubaki na seva ya adresi yako na kuionyesha neno la siri. Kwa kazi hii mlango 587 uliwekwa Desemba 1998. Mlango 465 unafunika mazungumzo yote tangu mwanzo, na tangu 2018 kanuni inaushauri. Kwa hiyo, katika programu ya barua, andika jina la seva yako, chagua 465 au 587, kubali neno la siri, kubali kufunika. Hapo SIM ni ya nani haidhuru. Mwenye programu ya Gmail kwa telefone hana kazi hii, imekwisha kupangwa.

4. Kabla ya kwenda shambani

Tazama sanduku la barua zinazongoja kutoka: iwe tupu. Kisha ngojea kidogo, tazama kama kuna barua ya kurudishwa. Ikiwapo, soma sababu yake, usiifute.

Maswali ya kujipima

a) Kwa nini mtu anapokea barua bali hawezi kutuma?
b) Mlango 25 na mlango 587 vinatofautiana kwa nini?
c) Rafiki yako amebadili SIM, imeli yake haitoki. Utamshauri nini kwanza?