TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: LAINI NI YA NANI?



Alhamdulillah, tumefika siku ya 19. Kesho baada ya Magharibi tunaingia kumi la mwisho. Kabla hatujaingia, kuna jambo nataka tulisafishe majumbani mwetu, nalo ni kubeti. Na leo nasema hasa kubeti kwa watoto wetu wa miaka 14, 15, 16.

Vijana wengi wa hapa wameiona kwenye simu tamthilia ya Korea, Squid Game, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021. Siwaambii mkaitafute, maana ina damu nyingi. Lakini aliyeiona muulize anakumbuka nini. Atakutajia mdoli mkubwa, nguo za kijani na mapesa yanayoning'inia juu. Mwanzo wake wengi wameusahau. Mwanzo ni mtu mzima anayeishi kwa mama yake mzee, anachukua kadi ya benki ya mama na kwenda kubeti farasi. Baadaye anaingia kwenye michezo ile ya kuuana, anashinda mabilioni, anarudi nyumbani na kumkuta mama ameshafariki. Mama alikuwa na kisukari, mguu umeharibika, na hela ya matibabu haikuwepo. Waliotunga tamthilia ile si masheikh, lakini hapo wamesema kweli: anayelipa gharama ya kamari mara nyingi si yule anayecheza. Ni mama.

*Qur'ani ilishalisema*

Fungua Suratul Baqara, aya ya 219. Allah hakatai kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Anasema yapo, ila dhambi yake ni kubwa zaidi. Wafasiri wanatueleza kamari ya Waarabu wa zamani ilikuwaje: wanachinja ngamia, wanagawa mafungu, wanapiga kura kwa mishale, aliyeshindwa analipa. Na waliokuwa washindi mara nyingi waliwapa masikini ile nyama, wakajisifu kwa ukarimu. Pamoja na nyama hiyo ya masikini, bado ikaharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kubeti kunalipa kodi, kunadhamini mpira," usibishane naye. Ni kweli. Mwaka 2017 SportPesa ilidhamini Simba na Yanga zote mbili, na watoto wetu wakavaa jina hilo kifuani bila kujua ni la nini. Manufaa yapo, na Qur'ani ilishayataja. Sisi tunaulizwa juu ya upande wa pili wa mizani. Hata Uingereza, kwenye mpira ule tunaoupenda, mwaka 2023 klabu za ligi kuu zilikubaliana kuondoa majina ya kampuni za kubeti mbele ya jezi, mwisho wa msimu wa 2025/26.

Na aya ya 91 inataja madhara mawili ambayo ukikaa na mtoto anayebeti utayaona kwa macho: uadui baina ya watu, na kuzuiwa kumkumbuka Allah na kuswali. Kabla ya Ramadhani alinijia kijana mmoja wa sekondari, na amenipa ruhusa niseme bila jina. Mama yake aliuza dumu la mawese, akampa hela ya mchango wa shule. Ikaisha usiku mmoja. Nikamuuliza, nini kiliondoka kwanza? Nilidhani atasema hela. Akasema, "Isha, sheikh. Nilianza kuikosa Isha kwa sababu mechi zinaanza." Hela ilifuata baadaye. Na sasa kaka yake hasemi naye, maana laini ilikuwa ya kaka.

*Hesabu ya mkeka*

Vijana, chukueni kalamu. Mkeka wa timu 10. Tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi juu. Uwezekano wa zote 10 kutiki ni mmoja kati ya 1,024. Ingekuwa haki, aliyeweka 1,000 na akapatia angelipwa 1,024,000. Lakini kwa mechi kama hiyo kampuni haikupi odi 2. Tuseme inakupa 1.90. Zidisha 1.90 kwa yenyewe mpaka zifike 10, unapata kama 613. Utalipwa 613,000. Ina maana hata siku ile uliyoshinda, zaidi ya laki 4 zimebaki kwao. Na hizo siku nyingine 1,023 umewapa elfu yako nzima nzima.

Unasema, "Mkeka ulichanika kwa timu moja tu, nilikaribia!" Ndugu yangu, hukukaribia. Timu 9 kati ya 10 na timu 0 kati ya 10 zinalipa sawasawa. Ila moyo unadanganyika kwamba kesho ndiyo yenyewe. Hapo ndipo ndoano ilipo, na mvuvi yeyote wa Tanganyika atakwambia samaki hashikwi na ndoano tupu, anashikwa na chambo.

Kile kindege ndiyo kibaya zaidi. Mkeka ukichanika Jumamosi unasubiri angalau mechi ya kesho. Kindege hakisubiri. Kinaruka, kinapotea, baada ya sekunde chache kinaruka kingine. Ndiyo maana mtoto anakaa nacho chini ya shuka mpaka daku. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kushindwa kuacha kamari katika orodha yake ya maradhi. Kwa hiyo tusiseme tu "mtoto mhuni." Ni dhambi, na pia inaweza kuwa ugonjwa, na mgonjwa anatibiwa.

*Sasa, laini ni ya nani?*

Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Na laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole. Sasa mtoto wa miaka 15 anabeti vipi? Anabeti kwa jina la mtu mzima. Jina lako baba. Jina langu. Jina la kaka, la shangazi, la mwenye duka la jirani. Tunawalaumu watoto, lakini mlango tuliufungua sisi kwa kidole chetu.

Kwa hiyo leo baada ya futari fanya haya:

1. Piga *106# kwenye simu yako, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa wakala wa mtandao ikafutwe.

2. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu. Mama zangu, najua hamuoni vizuri herufi ndogo, mtoto ndiye anakutumia na kukutolea. Tafuta mtu mzima mmoja wa kukusaidia, asiwe mtoto.

3. Kaa na kijana wako bila fimbo. Muulize anadaiwa na nani, kiasi gani. Akitaja deni, usimpe hela mkononi akalipe. Nendeni pamoja kwa anayedai, mpange kidogo kidogo.

4. Wenye maduka mliowekewa zile mashine za sarafu: najua kamisheni inasaidia. Lakini Suratul Maida, aya ya 2, inatukataza kusaidiana katika dhambi. Mtoto aliyetumwa chumvi anaiacha mia mbili kwenye mashine yako, anarudi kupigwa. Iondoe kabla ya Idi, na Allah ni mbora wa kulipa.

Na wewe kijana: futa akaunti, si programu tu. Mpe mtu unayemwamini akushikie laini mpaka Idi. Mwambie mtu mmoja ukweli wote. Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Abu Hurayra ameelekeza kwamba mtu akimwita mwenzake tu waje wacheze kamari, basi atoe sadaka. Neno tu la kuita lina kafara yake. Basi kile ulichotaka kuweka leo, hata kama ni 500, kitoe sadaka.

*Swali tunaloulizwa sana*

"Sheikh, nikishinda nikafuturisha watu, si napata thawabu?" Hapana. Allah ni mzuri, hakubali ila kilicho kizuri. Wale Waarabu nao walilisha masikini, tumeona jibu walilopewa. Lakini kama umeshatubu na hela ya kamari bado unayo, usiile. Itoe kwa wahitaji kwa nia ya kujitoa nayo, bila kutarajia thawabu ya sadaka. Thawabu yako iko kwenye toba.

La mwisho. Wewe kijana umefunga siku 19 kwenye jua hili. Maji ya mtungini ni yako, ni halali, hakuna anayekuona, na hukuyanywa. Mtu anayeweza kuacha halali yake kwa ajili ya Allah kuanzia alfajiri mpaka Magharibi, asiambiwe na yeyote kwamba hawezi kuacha haramu. Unaweza. Umeshafanya mazoezi siku 19.

Anayetaka kuongea nami faraghani, nipo msikitini kila siku baina ya Alasiri na Magharibi. Sitataja jina la mtu.

Allahumma tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, warejeshe vijana wetu, wape mama zetu utulivu, na utufikishe kumi la mwisho mikono yetu ikiwa safi. Aamin.

Kesho in shaa Allah: adabu za itikafu.

Imamu wenu, Simbo